Mifupa ya Mama na Pumzi Yake

Jinja, Jumapili jioni

Mapafu ya mama yalichakazwa na moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni, na tangu daktari alipotuambia kwamba njia zake za hewa zimeziba kwa namna isiyotibika kabisa, sote nyumbani tumekuwa watu wa kuhesabu pumzi. Mifupa hakuna aliyeifikiria. Ni wiki hii tu, nilipomtazama akivaa gomesi aliloshonewa zamani na pindo likaburuta sakafuni, ndipo nilipotambua kwamba amekuwa mfupi.

Pingili za uti wa mgongo zilizodhoofika huweza kubonyea polepole bila mtu kuanguka, na mara nyingi bila maumivu ya kumfanya aende hospitali. Kimo hupungua, mgongo hupinda, mbavu huikaribia nyonga, na mapafu ambayo tayari yalikuwa yakihangaika hunyimwa hata nafasi ya kutanuka. Kwa hiyo pumzi inayopungua hudhaniwa kuwa ni ugonjwa wa kifua uliozidi, kumbe sehemu yake ni mfupa.

Sababu zimerundikana. Kila anapozidiwa hupewa vidonge vya prednisoloni, ambavyo humwokoa kweli, lakini vikirudiwa mara kwa mara hupunguza kazi ya seli zinazojenga mfupa, huzuia utumbo kunyonya kalsiamu ya kutosha na kuifanya nyingine ipotee kwa mkojo. (Si dawa ya kuacha ghafla kwa hofu, kufanya hivyo kunaweza kuhatarisha maisha.) Aidha, kwa kuwa anachoka upesi hatembei, na mfupa usiobebeshwa uzito wa mwili hudhoofika.

Kisha kuna jua. Tunaishi karibu kabisa na ikweta, nalo halituadimikii mwezi wowote, lakini mama hushinda ndani akikimbia vumbi, na akitoka hujifunika. Hata kiti chake cha dirishani hakimsaidii, kwa sababu kioo huzuia ile miale ya urujuanimno inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D. Jua la alfajiri tunalolisifu sana nalo ni hafifu kwa kazi hiyo. Miale hiyo hupata nguvu jua likipanda na kivuli kikifupika, na ngozi nyeusi kama yetu huhitaji muda mrefu zaidi. Sitamkalisha mgonjwa kwenye joto la saa saba mchana, lakini saa nne barazani, mikono ikiwa wazi, anaweza kuvumilia.

Nisingependa kuigeuza vitamini hii kuwa dawa ya kifua. Uchambuzi wa majaribio uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Thorax ulionyesha kwamba vidonge vyake vilipunguza vipindi vya kuzidiwa kwa wagonjwa waliokuwa na upungufu mkubwa, chini ya nanomoli 25 kwa lita ya damu. Waliokuwa juu ya hapo hawakufaidika. Kwa hiyo kupima kwanza kuna maana kuliko kununua chupa dukani.

Chakula ni rahisi zaidi: mukene, yule dagaa wa ziwani, akiliwa mzima na mifupa yake, ana kalsiamu nyingi, na mama humpenda akiungwa kwa karanga.

Kliniki ijayo nitaomba apimwe urefu, kwani miaka yote hii wamempima uzito tu, na nitauliza kama aanze dawa ya kulinda mifupa.