Kaseti ya salamu za Idi iliyotupatia ushahidi wa tuzo

Tangu tumalize hafla yetu, watu wa vyuo viwili wamenipigia simu kuuliza tulifanyaje mpaka chuo kikawatunuku waandishi wa habari na watetezi wa uhuru wa habari, na watu wakatoka ukumbini wameridhika. Nayaandika yote hapa, nisiendelee kurudia kwenye simu. Mimi ni mhadhiri hapa Unguja. Kazi hii nilipewa kwa barua ya mistari minne, bila ya bajeti.

Ushauri wa mwanzo nilioupata ulinikera, na mpaka leo nikiukumbuka unanikera. Bwana mmoja aliyezoea kuandaa hafla aliniambia: "Maalim, hilo neno uhuru liondoe. Andika tuzo ya maendeleo ya habari, ukumbi utapata, mdhamini utapata, na usiku utalala." Mwengine akasema nitafute kwanza mgeni rasmi mkubwa, washindi watapatikana baadaye. Sikumfuata hata mmoja. Kuhusu neno uhuru, niliwaandikia wakubwa wa chuo dokezo la ukurasa mmoja. Nilianza na kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984, kinacholinda uhuru wa mtu kutoa maoni. Nikaja kwenye tarehe 3 Mei, siku ambayo mwaka 1991 waandishi wa Afrika walipitisha Azimio la Windhoek la kutetea uhuru wa habari kule Namibia, na miaka miwili baadaye Umoja wa Mataifa ukaitangaza kuwa Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani. Nikamalizia na jambo lililokuwa likiniuma: wanafunzi wangu wa mwaka wa pili hawakuwa wamepata kulisikia gazeti la Dira la hapa Zanzibar, lililohaririwa na Ali Nabwa na kufungiwa Novemba 2003. Ikiwa chuo hakiwaambii, nani atawaambia? Dokezo lilirudi na saini baada ya siku tisa. Neno halikuguswa.

Pale nilipokosea ni kwenye fomu ya mapendekezo. Niliitengeneza ya mtandaoni, nikaisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, nikangoja. Zilirudi fomu arubaini na kitu. Karibu zote mtu kajipendekeza mwenyewe, au kampendekeza bosi wake, na viambatisho vyake ni vyeti vya semina. Wazee waliofanya kazi ya uandishi wakati barua ya Pemba inasubiri meli hawakuwemo. Yule mzee wa Pemba ambaye kila mtu humtaja barazani hakuwemo. Nililala vibaya wiki ile, kwa sababu niliona tunakwenda kuwatunuku wenye simu nzuri.

Nikakaa kusoma wenzetu wanafanyaje. Tuzo ya uhuru wa habari ya UNESCO, shirika la elimu na utamaduni la Umoja wa Mataifa, yenye jina la Guillermo Cano, mhariri wa Colombia aliyeuawa mwaka 1986 nje ya ofisi za gazeti lake El Espectador, haipokei mtu aliyejipendekeza. Hilo nikalichukua kama lilivyo. Chuo cha Colby kule Marekani kinatoa tuzo ya waandishi wa habari tangu 1952 kwa jina la mwanafunzi wake wa zamani, Elijah Lovejoy, mhariri aliyeuawa mwaka 1837 mjini Alton, Illinois, akiilinda mashine yake ya kuchapia. Kilichonigusa hapo ni kwamba chuo kimeshika kisa kimoja, kinakijua vizuri, na kila mwaka kinakisimulia upya. Na sisi tuna visa vyetu. Tulichokosa ni kuvishika.

Fomu nikaifuta. Nikasema mtu apendekezwe na wasomaji au wasikilizaji watatu, kwa mdomo hata kwa simu, na sisi ndio twende tukatafute kazi zake. Majaji wakawa watano, hakuna mdhamini ndani yake. (Mdhamini mmoja alitaka kiti kwenye jopo. Nilimrudishia barua yake siku ile ile, na pesa zake tukazikosa. Sijuti.)

Sasa yule mzee wa Pemba. Alikuwa mwandishi wa redio, na kisa chake kinajulikana: alitangaza ripoti kuhusu kijiji kimoja cha upande wa Micheweni ambacho akina mama walikuwa wakichota maji ya chumvi huku pampu imekaa imeharibika, na kwa ripoti hiyo akasimamishwa kazi miezi kadhaa. Jaji mmoja, na alikuwa na haki, akasema: "Maalim, maneno ya barazani hayawi ushahidi. Ripoti iko wapi?" Mzee mwenyewe hakuwa nayo. Zamani utepe ulikuwa ukitumiwa tena, unarikodi leo juu ya jana.

Nikapanda boti bandari ya Malindi hapa Unguja, nikashuka Mkoani, Pemba, nikaenda moja kwa moja Wete. Siku mbili nilipita baraza kwa baraza nikiuliza nani amerikodi ripoti za fulani. Hakuna. Na nani angerikodi habari za maji? Siku ya tatu, nanunua halua ya kurudi nayo nyumbani, nikamsikia mwenye duka akimwambia mtu kwamba mama yake bado ameweka kaseti alizokuwa akimpelekea ndugu yao Muscat. Pale pale nikaelewa kwamba swali langu ndilo lililokuwa baya. Watu hawarikodi habari. Wanarikodi salamu! Sikukuu ikikaribia, familia inakaa mbele ya redio kaseti, jina lao lisomwe, wamtumie kijana wao aliye ng'ambo. Na salamu zikisha, nani anakimbilia kuzima?

Nikaanza upya na swali jengine: "Bibi, mnazo kaseti za salamu za Idi?" Nilirudi Unguja na kaseti kumi na saba ndani ya kikapu cha ukili. Bi mkubwa mmoja alinikabidhi zake akiwa amezifunga kwenye kanga, akaniambia: "Mwanangu, humu imo sauti ya marehemu mume wangu. Ukiipoteza hii, umenipotezea mimi." Nilimwandikia karatasi ya kupokelea, nikatia saini mbele ya mjukuu wake. Ukifanya kazi hii, usichukue kitu cha mtu bila ya karatasi hiyo.

Nyingi zilikuwa na ukungu. Usizitie kwenye mashine hivyo hivyo, utepe utanasa na kukatika. Fundi wetu wa redio wa Mkunazini alizifungua, akautoa utepe, akauhamishia kwenye maganda ya kaseti mpya za skrubu, akaweka kile kipande kidogo cha sponji kinachoukandamiza utepe, kisha akavuta waya kutoka tundu la spika za masikioni mpaka kwenye kompyuta. Alinitoza elfu sitini hivi, na ilistahiki zaidi.

Kaseti ya kumi na moja, upande wa pili. Salamu zikasomwa, jina la familia likasomwa, mtoto akapiga kelele ya furaha karibu na redio, mtu akasema "haya, imeshatoka", na kinasa kikaachwa. Muziki kidogo, kisha habari za mikoani, kisha sauti ya mzee. Dakika nne kasoro. Akina mama wanazungumza wenyewe, ndoo zinasikika, na mwisho anamtaja aliyeahidi pampu na tarehe aliyoahidi. Salamu zile zilitupa hata mwaka, maana bibi mwenye kaseti alikumbuka ilikuwa Idi ya kwanza ya mjukuu wake. Niliwasikilizisha majaji. Hakuna aliyezungumza kwa muda, kisha aliyeuliza ushahidi akaandika alama zake na kunipa karatasi.

Mengine yalikuwa mepesi. Ngao tuliwachongesha mafundi wa milango badala ya kuagiza vioo Dar es Salaam. Chakula, ukumbi na nauli za wageni wa Pemba vilikula milioni tatu na ushee. Mgeni rasmi tulimwalika mwisho, baada ya majina kufungwa, na alikuja.

Usiku ule hatukumsomea mzee wasifu. Tulizima taa, tukaipiga kaseti tangu kwenye salamu. Mzee aliposikia sauti yake ya ujanani alishika mkono wa mtoto wake. Bi mkubwa wa Wete alikuwa mstari wa mbele, nauli tumemlipa sisi, kaseti yake amesharudishiwa ikiwa na nakala mbili. Ripoti ilipokwisha mzee alipewa maikrofoni. Aliuliza kama wale akina mama waliozungumza wapo hai. Wawili walikuwepo ukumbini, tuliwatafuta. Wakasimama.