Nilivyokula sambaza za jirani kwa ngome na farasi

Miezi mitatu mizima Papa mmoja, jirani yangu hapa Kadutu, Bukavu, alinipiga sataranji kila Jumapili, mbele ya kinyozi, watu wakitazama. Na ushauri niliopewa! "Linda malkia, mwanangu, bila malkia huna kitu." Nililinda malkia hadi nikasahau nina mfalme.

Bodi yenyewe niliinunua sokoni, dola kumi au kumi na mbili. Ngome moja watoto waliipoteza, nikaweka kifuniko cha bia ya Primus mahali pake.

Kisha nikajifunza mati ya Kiarabu: ngome na farasi wanambana mfalme kwenye kona, hana pa kukimbilia, mchezo umekwisha. Ni ya zamani kweli. Kwenye shatranj, sataranji ya zamani ya Waarabu, pale anaposimama malkia leo palikuwa na waziri tu, anajikokota mshazari chumba kimoja kimoja. Ngome na farasi walitembea kama leo, basi kazi ya kuua ilikuwa yao.

Mara ya kwanza nilijiaibisha. Mfalme wake yuko h8, kwenye kona (herufi ni safu wima, namba ni mstari), farasi wangu g5, nikatupa ngome h7 na kupaza sauti: "Mati!" Kinyozi akazima mashine aje kuona. Papa akanywa kasiksi yake, pombe ya ndizi, taratibu, akasogeza mfalme g8 kwa kidole kimoja. Farasi wa g5 analinda h7, lakini g8 haigusi hata kidogo. Walinicheka mpaka umeme ukakatika.

Usiku ule nilihangaika na bodi kwa mwanga wa simu hadi nikaipata: farasi asimame mshazari na mfalme aliye kwenye kona, chumba kimoja tu kati yao. Mfalme h8, farasi f6. Hapo anashika g8 na h7 kwa mpigo, na ngome ikifika h7 inafunga g7 yenyewe.

Jumapili iliyofuata tuliwekeana sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Malkia wangu nilishampoteza (aibu, tuache hiyo). Kifuniko kilikuwa d7, farasi g4, mfalme wake kajibana h8. Nikapeleka farasi f6, kimya, huku nikipiga miayo ya uongo. Si "shah" ya kumtishia mfalme, si chochote, akaona nimechoka. Malkia wake akatoka a5 kula pioni yangu ya a2. Nikasukuma kifuniko polepole, kikakwaruza ubao mpaka h7.

Aliangalia bodi muda mrefu. Kinyozi ndiye aliyesema: "Papa, imekwisha."

Sambaza alileta, nusu sahani. Nusu nyingine hatoi: anasema mfalme hauawi na kifuniko cha bia.