Kipande cha polima kwenye pasi ya pancha

Baba mdogo alikuwa anaziba pancha Manzese, pembeni ya Barabara ya Morogoro. Nyuma ya kibanda chake palikuwa na rundo la matairi yaliyokwisha. Machache yalichukuliwa na mafundi wa katambuga, vile viatu vya matairi. Mengine vijana waliyachoma usiku ili wapate waya wa ndani, na moshi wake tuliuvuta mtaa mzima. Nililichukia rundo lile. Mpira ukishapikwa na salfa, kwa njia aliyoigundua Charles Goodyear mwaka 1839, minyororo yake ya molekuli hufungana kabisa. Ukiupasha moto hauyeyuki ukamiminwa upya, unaungua tu.

Ndiyo maana mwaka 2013, nikisoma kemia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sikutulia mwalimu wetu aliponiruhusu kuondoka na kipande cha polima, yaani kitu cha minyororo mirefu ya molekuli kama plastiki au mpira, kilichotengenezwa maabara, chembamba, kigumu, kinachopitisha mwanga. Kilifuata kazi ya Fred Wudl na wenzake wa California, iliyochapishwa mwaka 2002. Ndani yake aina mbili za molekuli, furani na maleimidi, hushikana kwa mmenyuko wa kikemia ambao Otto Diels na Kurt Alder waliueleza mwaka 1928, wakaja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Uzuri wa mmenyuko huo ni kwamba unarudi nyuma. Kwenye joto la nyuzi kama 120 za Selsiasi baadhi ya vifungo kati ya molekuli hizo huachia, na joto likishuka hushikana upya. Tena ufa hupenda kupita kwenye vifungo hivyohivyo, maana ndivyo dhaifu kuliko vingine, kwa hiyo kila upande wa ufa hubaki na mikono iliyo tayari kushika. Gundi haihitajiki.

"Shikamoo, baba mdogo. Nimekuletea kitu ukivunje."

"Marahaba. Nikivunje kweli?"

Akakivunja kwa koleo. Tukaviweka vipande uso kwa uso, tukavifunga kwa karatasi ya sigara ile ya kung'aa, tukavibana kwenye pasi ya umeme anayochomea viraka. Wateja walikuja wakaenda. Bodaboda mmoja aligoma kuondoka mpaka aone mwisho wake. Tulipofungua baada ya muda mrefu, na kipande kikapoa, kilikuwa kimoja, na mahali pa ufa palibaki alama hafifu. Baba mdogo akakipinda polepole, kikastahimili. Akaongeza nguvu, kikakatika palepale. Nilimweleza kwamba hata akina Wudl walirudisha wastani wa asilimia 57 tu ya uimara wa mwanzo. Hakunijibu. Alikuwa ameshakirudisha kwenye pasi, na kikaunga tena. Hapo ndipo bodaboda alipopiga makofi.

Kisha akauliza swali ambalo darasani hakuna aliyekuwa ameliuliza.

"Mwanangu, lori likitoka bandarini mpaka Tunduma limezidisha mzigo, tairi huwezi kuligusa. Hii dawa yako si itafunguka njiani?"

Ndiyo, ingeweza kuanza kulegea. Joto lilelile linaloponya ndilo linalolegeza, na kazi yote ya polima hizi imo katika kuchagua joto hilo liwe wapi: juu ya matumizi, chini ya kuungua. Nililipeleka swali Mlimani, na mwalimu akanipa makala ya Ludwik Leibler na wenzake wa Paris, ya mwaka 2011. Wao walitengeneza polima ambazo vifungo vyake hubadilishana nafasi bila idadi yake kupungua; zikipashwa hutiririka taratibu na kufinyangwa upya, lakini wavu wake haufumuki. Nilisoma usiku kucha.

Jumapili iliyofuata nilimsimulia baba mdogo. Alisikiliza, akachukua katambuga moja, akaigeuza.

"Tairi tuwaachie wao kwanza. Soli haifiki joto la lori. Na ikikatika, mtu ananiletea, naichoma hapa hapa."

Mradi wangu wa mwisho chuoni niliuandika juu ya soli. Furani inaweza kuanzia kwenye magunzi ya mahindi na makapi ya miwa, na hivyo viwili hatuvikosi.