Mti wa maeneo ya Nairobi ndani ya PostgreSQL: kumbukumbu ya mradi wangu

Jumamosi

Viwanja vya mpira vya mitaani vyote vimeingia kwenye jedwali la PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kila kimoja na wadi yake. Sasa nimefika kwenye sehemu niliyokuwa naingojea kwa hamu: kuhifadhi maeneo yenyewe. Kenya ina kaunti 47, maeneo bunge 290 na wadi 1,450. Ukiweka nchi juu kabisa, unapata mti wenye nodi 1,788, kila eneo likiwa nodi moja. Nairobi peke yake ina maeneo bunge 17 na wadi 85.

Nimeanza na njia nyepesi kuliko zote: jedwali moja la `eneo`, na kila mstari unabeba `mzazi_id`, yaani namba ya eneo lililo juu yake. Kupanda kutoka wadi hadi kileleni ni hoja moja (swali kwa hifadhidata) inayojirudia, yaani inayorudia hatua ileile hadi ifike mwisho:

```
WITH RECURSIVE ukoo AS (
  SELECT id, mzazi_id, jina FROM eneo WHERE id = 412
  UNION ALL
  SELECT e.id, e.mzazi_id, e.jina
  FROM eneo e JOIN ukoo u ON e.id = u.mzazi_id
)
SELECT jina FROM ukoo;
```

Jibu: Lindi, Kibra, Nairobi, Kenya. Hoja za namna hii ziliingia katika kiwango cha 1999 cha SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata. PostgreSQL ilizipata katika toleo la 8.4 mwaka 2009, na MySQL, hifadhidata nyingine, ikangoja hadi toleo la 8.0 mwaka 2018. Ndiyo maana mafunzo mengi ya zamani yanaikwepa `mzazi_id`: bila kujirudia, ilibidi uunganishe jedwali na lenyewe mara nyingi kama ngazi zilivyo, tena ujue idadi ya ngazi mapema. Leo sababu hiyo haina nguvu tena.

Jumapili

Leo nimejaribu njia nyingine mbili, kwa sababu sitaki kuchagua kwa mazoea.

Ya kwanza ni kuandika njia nzima kwenye kila mstari: `Kenya/Nairobi/Kibra/Makina`. Inasomeka vizuri, na kupata kila kilicho chini ya Kibra ni kutafuta kwa mwanzo wa maandishi tu. Lakini majina ya wadi za Nairobi yana mambo yake. Kibra ina Woodley/Kenyatta Golf Course, Westlands ina Parklands/Highridge, Starehe ina Ziwani/Kariokor. Mkwaju (/) uko ndani ya jina lenyewe, kwa hiyo Woodley inageuka kuwa mzazi wa uwanja wa gofu. Kuna pia wadi ya Kasarani ndani ya eneo bunge la Kasarani, kwa hiyo jina peke yake halitambulishi kitu. Anayetaka njia hii aijenge kwa namba za id, `1.48.302.412`, na majina yabaki kwenye safu yao.

Ya pili ni kuzunguka mti mzima ukiipa kila nodi namba mbili, ya kushoto unapoingia na ya kulia unapotoka. Kwa nodi zangu namba zinafika 3,576. Kusoma ni raha: wadi zote za Nairobi ni zile ambazo namba zao ziko kati ya mbili za Nairobi. Shida ni kuandika. Mombasa ni kaunti ya 001 na Nairobi ni ya 047. Nikiufuata mpangilio huo, wadi moja mpya Mombasa inasukuma namba za karibu nchi nzima. Nimeiacha.

Jumatano usiku

Kocha mmoja wa Kayole alinipigia simu. "Kijana wangu, Embakasi nzima ina viwanja vingapi?" Nikamuuliza, ipi, Embakasi ya Kati? "Embakasi. Ile yetu."

Embakasi yake ilikuwa eneo bunge moja hadi mipaka ya 2012, iliyoanza kutumika katika uchaguzi wa 2013. Likagawanywa vipande vitano: Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi. Kibra nayo ikatoka Langata. Nairobi ikapanda kutoka maeneo bunge 8 hadi 17. Swali la kocha ni halali kabisa, na mti wangu haukuwa na pa kulijibu.

Sikutaka kuifanya Embakasi ya zamani iwe mzazi wa hizo tano, kwa maana leo mzazi wao ni Nairobi. Nimeiweka kama nodi yenye tarehe ya kufungwa, kisha nikafungua jedwali dogo la `chimbuko` linalosema eneo fulani limetokana na lipi. Hoja inapita kwanza kwenye chimbuko, ndipo inashuka kwenye wadi. Kocha amepata jibu lake.

Uamuzi wangu umesimama hapo: `mzazi_id` ndiyo ukweli, na chochote cha kuongeza kasi kitatokana nayo. Nimejenga jedwali la `nasaba` linaloshika kila jozi ya babu na mjukuu, kila nodi ikihesabiwa pia na nafsi yake. Mistari 6,765 kwa nchi nzima, kitu kidogo sana. Linafutwa na kujengwa upya kutoka `eneo` kila mpaka unapobadilika.

Na itabadilika tu. Kifungu cha 89 cha Katiba kinataka mipaka ya maeneo bunge ipitiwe kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12. Kabla ya hapo nataka kizuizi cha kukataa eneo kuwa babu yake lenyewe, maana duara moja tu linafanya ile hoja ya Jumamosi izunguke bila kusimama. PostgreSQL ina kipengele cha `CYCLE` tangu toleo la 14, ila hicho hugundua duara wakati wa kusoma. Mimi nalitaka likataliwe mlangoni, kwa triga, kanuni inayojiendesha data inapoandikwa, na hiyo ndiyo kazi ya wikendi hii.