Nilivyopangua orodha ya majaribio ya boila

Anayejaribu programu ya kuongozea mitambo ndiye mtu wa mwisho kwenye foleni. Nilikuwa kwenye kiwanda kimoja cha sukari mkoani Morogoro, familia iko Dar es Salaam, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha PLC mpya (kompyuta ya kuongozea mtambo) ya boila, yaani tanuri la kuchemshia maji yawe mvuke, iko tayari kabla ya msimu wa kusaga miwa. Mafundi bomba walichelewa, wa umeme wakachelewa kwa ajili yao, na muda uliomegwa ukawa wangu. Tarehe ya kuanza kusaga haikusogezwa, kwa sababu muwa ukishakatwa unaanza kupoteza sukari.

Nilikaa saiti nikitazama skrini isiyo na kitu, huku nyumbani mtoto ana homa na mama yake anauliza narudi lini. Hilo liliniuma kuliko kazi yenyewe. Ndipo nikaichukua orodha ya majaribio, iliyofuata mpangilio wa mkataba, nikaipangua kwa swali moja: jaribio hili linahitaji nini ili lifanyike? Umeme tu, maji, mvuke au miwa? Mengi yalihitaji umeme tu. Nikawa napeleka umeme mdogo wa miliampea 4, 12 na 20, ambao ndio ishara ya vipimo, kwenye waya wa kila kihisi, mwenzangu anasoma kwenye skrini kama zinatokea asilimia 0, 50 na 100. Kisha nachomoa waya, maana ishara ikishuka sana chini ya 4 mfumo unapaswa kujua kwamba waya umekatika, usidhani tangi ni tupu. Ni kazi ya kuchosha, ila ndiyo iliyotuonyesha nyaya zilizopishana.

Kulikuwa na mzee wa shifti ya usiku aliyeendesha boila tangu enzi za vali za mkono. Nilimwamkia, nikamweleza ninachofanya. Akaniambia, "Mwanangu, hayo maji yakipanda ghafla usiyaamini."

Alikuwa sahihi kabisa. Tabaini, mashine inayozungushwa na mvuke, ikiongezewa mzigo huvuta mvuke mwingi, presha ndani ya dramu (tangi la boila lenye maji na mvuke) inashuka, mapovu yanavimba, na kiwango cha maji kinaonekana kupanda wakati maji yenyewe yanapungua. Programu inayofuata kiwango peke yake itabana vali ya maji saa ileile boila inapoyahitaji. Ya kwetu iliandikwa kufuata vipimo vitatu: kiwango, mtiririko wa mvuke unaotoka na wa maji yanayoingia. Lakini programu ya kuigia boila tuliyoletewa, ili tujaribu PLC bila boila yenyewe, haikujua kuvimba huko kwa mapovu. Kwake maji yakiingia kiwango kinapanda, yakitoka kinashuka, na kila jaribio linafaulu. Jioni nikaandika ya kwangu kwenye laptopu, mzee akinieleza kiwango hupanda kwa kasi gani na hukaa juu muda gani kabla ya kuanguka. Tulipoiunganisha na PLC, ikaonekana kwamba kipimo cha mvuke kimechujwa (kimelainishwa ili kisirukeruke) kupita kiasi, kwa hiyo habari ya mzigo inafika ikiwa imechelewa. Tulirekebisha kabla moto haujawashwa. Naamini bila mzee yule tungelijua hilo boila ikiwa na presha.

Jambo jingine nililolishikilia ni ubao. Kila ishara iliyolazimishwa, yaani iliyowekewa thamani kwa mkono, kwa ajili ya jaribio iliandikwa pale, na nani na saa ngapi, na hakuna shifti iliyokabidhiwa kabla ishara hazijaachiwa na ubao kufutwa. Ulinzi wa maji kupungua ukiachwa umezimwa, boila inaweza kuua watu.

Yalipobaki majaribio ya mvuke tu na tanuri bado halijakamilika, niliomba ruhusa nipande basi niende nyumbani. Msimamizi hakupenda. Nikamwekea orodha mezani, akatafuta jaribio ambalo ningeweza kulifanya wiki ile, hakuliona, akasaini. Kwa mradi unaofuata nimeomba orodha ipangwe hivyo tangu kwenye mkataba, na programu ya kuigia boila ikaguliwe na waendeshaji kabla hatujaipokea.