Bibi Aliyefungua Mlango

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumapili iliyopita niliwasimulia watoto wa Shule ya Jumapili ngano ya Wajapani iitwayo Kasa Jizō. Mzee maskini na mkewe wamefika siku ya mwisho ya mwaka hawana mchele, wala mochi, ule mchele wa kutwangwa unaofinyangwa vidonge, ambao huko ndio chakula cha Mwaka Mpya. Wana kofia tano tu za majani, walizosuka wenyewe. Mzee anazipeleka mjini, ananadi kutwa nzima, hauzi hata moja.

Anaporudi, theluji inaanguka. Kando ya njia anakuta sanamu sita za mawe za Jizō, ambaye Wabudha wa Japani humheshimu kama mlinzi wa watoto na wasafiri. Theluji imezijaa vichwani. Mzee anaipangusa kwa kiganja, anazivika kofia moja moja, anafunga kamba kidevuni. Kofia zinakwisha, imebaki sanamu moja. Anavua kitambaa cha kichwani mwake mwenyewe, anaifunga nacho.

Sisi hatuinamii sanamu, na watoto niliwaambia. Lakini moyo wa yule mzee naujua: ameona anayepigwa na baridi, akashindwa kupita.

Usiku wanasikia kishindo nje. Kufungua mlango, magunia ya mchele, mochi na samaki, na kwa mbali wale sita wanatokomea kwenye theluji, mmoja na kitambaa kichwani. Watoto walipiga makofi. Ila kabinti kamoja kakauliza, "Na bibi hakugomba?"

Hakugomba. Mzee alipoingia mikono mitupu, kichwa wazi, bibi alisema amefanya jambo jema. Kisha wakalala na njaa yao, na magunia yalikuwa hayajaja.

Swali lile halijanitoka wiki nzima. Mzee aliziona zile sanamu kwenye baridi. Bibi hakuona kitu, aliona chungu kisicho na mchele. Paulo anasema, "Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu" (2 Wakorintho 9:7), nami miaka yote nilimsoma huyo kama mtu mmoja mwenye sadaka mkononi. Sasa namwona na yule aliye nyumbani, anayetolewa chakula chake bila kuulizwa.

Mwaka juzi mume wangu alirudi bila hela ya unga. Alikuwa amempa jirani, mtoto wake alikuwa amezidiwa usiku. Sikusema neno, lakini niliitua sufuria kwa nguvu hadi akainua macho. Tangu siku hiyo, akitoa kitu hanielezi.

Juzi nilimsimulia habari ya yule bibi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama namkumbuka yule mtoto wa jirani. Ameanza darasa la kwanza.