Kumbukumbu ya mradi: Bwana Msa anaongoza, Willy Gamba anafuatia kwa mbali

Mradi ni uleule: kusoma riwaya za upelelezi za Kiswahili kuanzia zile za mwanzo, na katikati yake kupumzikia majarida ya zamani. Sasa nimefika mahali naweza kusema nani ananikosha na nani ananichosha.

Anayeongoza ni Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa 1960 na bado haijachuja. Maiti ya tajiri inakutwa mzimuni, minong'ono inaanza, na huyu bwana anakaa na kiko chake akiuliza mambo ambayo mwanzoni unayaona hayana kichwa wala miguu. Kwamba mwandishi kamsoma Sherlock Holmes, hilo halifichiki. Lakini watu wake ni wa Unguja hasa: wanasalimiana kwa kirefu, wanataniana, wanasengenyana, na dalili zinapita humohumo kwenye porojo. Ukiruka soga, umeruka ushahidi.

Nakala yangu niliipata kwa wauza vitabu wanaotandaza chini, pale Posta. Mwenyewe wa kwanza alipigia jina moja mstari kwa penseli, akaandika pembeni, "Ni huyu tu!" Kurasa kadhaa mbele kahamia kwa mtu mwingine, tena kwa alama tatu za mshangao. Huyo naye hakuwa. Nilicheka peke yangu ndani ya daladala.

Willy Gamba ni mtu wa namna nyingine kabisa. Katika Kufa na Kupona ya Elvis Musiba (1974), nyaraka za siri za harakati za ukombozi zinaibwa Dar es Salaam, naye anazifuata hadi Nairobi. Kumbuka mwaka huo: Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar, na Msumbiji na Angola zilikuwa hazijapata uhuru, zilingoja hadi 1975. Kwa msomaji wa wakati ule, mpelelezi anayekimbizana na mawakala wa makaburu hakuwa ndoto tu. Mbio zake nazipenda, kitabu hukiweki chini. Ila kila mrembo anamlegea, kila risasi inamkosa, na mimi kama msomaji sina cha kufumbua. Nabaki abiria.

Simu ya Kifo ya Faraji Katalambula (1965) siihukumu bado, maana nakala niliyouziwa imenyofoka kurasa za mwisho. Riwaya ya upelelezi bila mwisho! Muuzaji aliniambia, "Kaka, si unamalizia mwenyewe?"

Kwenye majarida, jioni nyingi zimeliwa na Mambo Leo, lililoanza kutolewa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923. Habari za serikali nazipitia juujuu. Naenda moja kwa moja kwenye mashairi, ukumbi ambao hata Shaaban Robert alipitia. Mtu anatupa swali kwa beti, majibu yanakuja toleo jingine kwa vina vilevile, na ugomvi unaendelea kwa adabu zote. Jarida la Sani nalisoma kwa ajili ya Madenge tu, yule mhusika wake wa katuni. Utundu wake haujanizeeka.

Kinachofuata ni Kisima cha Giningi (1968), Bwana Msa tena, halafu Kikosi cha Kisasi, Gamba akiwa Kinshasa. Na mwenye Simu ya Kifo iliyokamilika, hata ya kuazima, anishtue.